Kikoleza cha Mama Ambokile

Kikoleza kilikuwa kidogo kama punje ya hindi, kimebandikwa nyuma ya sikio la Mama Ambokile. Siku kilipowashwa, bibi huyo, ambaye kwa muda mrefu hakujua hata mlango wa chumba chake uko upande gani, aliinua uso, akamtazama binti yake.

"Sekela, mbona umekonda hivyo? Huko maabara hamli?"

Watafiti wakapiga makofi. Mhandisi Sekela Mwaipaja, aliyekibuni kifaa hicho, akalia mbele ya wanafunzi wake bila haya.

Jiji zima la Mbeya lilizungumzia habari hiyo. Roboti wauguzi walikwishazoeleka. Waliwaogesha wazee, wakawalisha, wakawageuza kitandani. Lakini hakuna mashine iliyowahi kumrudishia mzee jina la mwanawe. Kikoleza kilipeleka mikondo hafifu ya umeme kwenye seli za ubongo zilizobeba kumbukumbu fulani, mpaka zikapata uhai upya. Kasoro yake ilikuwa moja. Ubongo uliochoka hauna nguvu ya kuzitosha kumbukumbu zote, hivyo zilizokolezwa zilizinyonya nyingine, na zilizoachwa zilikufa moja kwa moja. Ilibidi familia ichague yale yenye maana kuliko yote.

Familia yenyewe ilikuwa Sekela peke yake. Alichagua harusi ya mama, mashamba ya chai ya Tukuyu, nyimbo za kwaya, na siku aliyozaliwa yeye. Alipomfikia kaka yake Ambokile, kifungua mimba, mkono ukasita. Ambokile alikuwa kijana tu alipoanguka kutoka kwenye mnara wa umeme wa upepo, akafa. Tangu ugonjwa wa kusahau uanze, mama aliamka kila asubuhi akimuulizia. Kila asubuhi Sekela alimwambia ukweli, na kila asubuhi mama alipiga yowe kana kwamba maiti ndiyo kwanza inaingizwa ndani. Sekela alikuwa amechoka kumzika kaka yake kila kukicha.

Akamwacha.

Nyumba ikatulia. Mama alicheka, aliimba, akamfundisha roboti wao kupika kande, akamgombeza alipozidisha chumvi. Mpaka Jumapili moja, walipokuwa wakitoka kanisani, Subilaga, jirani yao wa zamani, akawaona kwa mbali, akaita salamu ya Kinyakyusa.

"Mama Ambokile! Mama Ambokile, ugonile?"

Mama aliendelea kutembea. Subilaga akamkimbilia, akamshika mkono.

"Mwenzangu, umenisusa?"

"Umenifananisha, dada," mama alijibu kwa upole. "Mimi ni Mama Sekela."

Subilaga akauachia ule mkono taratibu, akamgeukia Sekela. "Mmemfanya nini?" Hakungoja jibu. Alijifunga kitenge vizuri, akaenda zake.

Kesho yake Sekela alimpeleka mama maabara, akapandisha mkondo hadi mwisho wa kiwango cha usalama. Kwenye kioo cha mtambo, sehemu aliyokuwamo Ambokile ilibaki nyeusi tii. Hapakuwa na cha kukoleza.

Waliporudi nyumbani, alimwekea mama picha mkononi.

"Kijana mzuri," mama alisema. "Nani huyu?"

"Ambokile."

Mama alikunja uso, akaisogeza picha karibu na macho, kisha akaisogeza mbali. Alijitahidi kweli, kwa sababu aliona jinsi binti yake alivyomkazia macho.

"Ni ndugu yako?"

"Kaka yangu, Mama. Alikufa."

"Jamani! Pole, mwanangu, pole sana." Akamvuta Sekela kifuani, akampapasa mgongo kama mtoto mchanga. "Na mama yake je? Yu hai bado?"

Sekela akauficha uso begani mwa mama.

Mama akatikisa kichwa kwa huruma. "Kama yu hai, nipeleke nikakae naye. Mwanamke aliyezika mwana haachwi peke yake."

Akainuka, akaanza kutafuta kanga ya kwendea msibani.