Chai Baridi ya Posa

Mtungi wa maji mlangoni kwa Dominika haukupungua. Asubuhi aliujaza, jioni aliukuta vilevile. Nyumba yake ilikuwa kando ya njia iendayo mashambani. Watu walipita hapo na majembe mabegani, koo zimewakauka. Walimsalimu vizuri, wakamwuliza habari za mahindi na ulezi. Kisha walisogea mbele, wakaenda kuomba maji nyumba nyingine.

Dominika alijua sababu.

Mwaka uliotangulia, wakati wa mavuno, alitengeneza togwa ya ulezi kwa ajili ya watu waliokuja kumsaidia shambani. Wakubwa walikunywa, watoto wakanywa. Baada ya siku chache wengi wao walikuwa wanaharisha damu. Binti mdogo wa Cornelia alizidiwa zaidi. Walimfunga kwenye baiskeli kwa khanga, wakamkimbiza hospitali, kichwa kikimning'inia kama ua lililokatwa. Mtoto alipona. Urafiki wa Dominika na Cornelia, ulioanza wakiwa wasichana, haukupona.

Hakuna aliyemshtaki. Ingekuwa afadhali wangemshtaki, angepata nafasi ya kujibu. Walinong'ona tu kwamba mkono wa Dominika si mzuri. Wengine walitaja sumu.

Na sasa binti yake, Adela, alikuwa anaposwa.

Kijana aliitwa Theodory, mwenyeji wa Msanzi. Alikuwa utingo wa lori la Mzee Mwinjuma, mfanyabiashara wa Sumbawanga mjini, lililokwenda na kurudi Kasesya. Mzee Mwinjuma mwenyewe ndiye angekuwa mshenga. Wangekuja Jumapili baada ya misa.

Desturi ilijulikana. Wageni wa posa hawasemi kilichowaleta kabla ya kunywa. Mama wa msichana huonja kwanza mbele ya watu wote, ndipo wao hunywa. Wageni wakikikataa kinywaji, wameikataa nyumba, na msichana pia.

Usingizi ulimpaa Dominika. Nani atakunywa kitu kilichotoka mkononi mwake? Mume wake, Zenon, alisema wanunue soda mjini. Lakini mwaka ule soda zilikuwa za kusikia tu. Basi Zenon akasema waombe nyumba ya jirani iwapikie togwa.

"Mwanangu aposwe kwa kinywaji cha nyumba nyingine?" Dominika aliuliza. "Heri nisiwaalike."

Alikumbuka kitu kimoja. Siku ya Idi aliwahi kufika kwa Mzee Mwinjuma, na mke wa mzee, Mwanamvua, akampa chai baridi. Ilikuwa na maji ya machungwa na pasheni ndani yake, tamu na kali kidogo, ikamtuliza mpaka tumboni. Lakini Mwanamvua alikuwa na friji ya mafuta ya taa. Dominika alikuwa na jiko la mafiga.

Alikwenda zahanati kwa Hamisa, mhudumu wa afya. Hamisa alikuwa mwanamke wa mjini, mcheshi, aliyezoea kuwatania wanakijiji nao wakamtania. Siku ile alipoona uso wa Dominika hakutania. Alimkalisha kwenye benchi, akasikiliza yote. Kisha akamwomba amweleze jinsi alivyoitengeneza ile togwa ya mavuno.

Dominika alieleza. Aliipika ikachemka sana. Ikapoa, ikawa nzito mno. Hivyo akaizimua kwa ndoo ya maji ya kijito.

"Ulitia maji hayo baada ya moto?" Hamisa aliuliza.

"Baada ya moto."

Hamisa akamshika kiganja, akakigeuza juu na chini kama anayekikagua. "Mama Adela, mkono huu hauna ubaya. Togwa uliipika vizuri, ukaua vijidudu vyote. Kisha ukavirudisha kwa ndoo."

 Dominika alitaka kufurahi, akashindwa. Kumbe maneno ya watu yalikuwa na kweli ndani yake. Ugonjwa ulitoka kwake, ingawa hakujua. Akasema kwa sauti ndogo kwamba maji ya kijito ni meupe, na kwamba yeye mwenyewe aliionja togwa kabla ya wote.

Hamisa alimfafanulia polepole. Zamani, kabla ya kuhamia kijijini, kila ukoo ulikaa peke yake na ulikuwa na chemchemi yake. Sasa nyumba zote ziko pamoja. Ng'ombe wanakunywa juu ya mahali wanapoteka watu. Vyoo vingine viko karibu na ukingo, na mvua huteremsha uchafu mpaka majini. Maji yanaweza kung'aa na bado yakabeba vijidudu, maana vijidudu havionekani kwa macho.

"Ukionja, watu wanajua hukutia sumu," alisema. "Hilo tu. Vijidudu havina ladha."

Halafu akamfundisha. Anawe mikono kwa sabuni. Achemshe maji mpaka yatokote sana, ndipo atie majani ya chai. Matunda ayaoshe kwa maji yaliyochemshwa, ayakamue, ayachuje kwa kitambaa kilichochemshwa. Sukari ikikosekana dukani, asali itafaa. Sufuria aifunike, aiweke ndani ya karai la maji, aivike gunia bichi, aiache kivulini mahali penye upepo.

"Upepo wa Ufipa ndio friji yako," Hamisa alisema. "Maji ya kijito yabaki nje ya sufuria. Yapoze bati, yasiguse chai. Na watu wasichovye vikombe. Wewe chota kwa upawa safi, mmiminie kila mtu."

Jumapili Hamisa hangekuwepo. Alikuwa na zamu ya kuchanja watoto kijiji cha mbali. Dominika alirudi nyumbani akirudia maneno yake njia nzima, kama mtoto aliyetumwa dukani.

Jumamosi jioni alifanya kila kitu. Machungwa yalitoka bondeni, upande wa Kaoze. Pasheni zilitoka uani kwake. Adela alikamua, yeye alichuja. Asubuhi, kabla ya misa, alifunua sufuria kidogo. Chai ilikuwa nyekundu iliyoiva, baridi, na harufu ya machungwa ikampanda puani. Ilifika usawa wa misumari ya mikono ya sufuria. Akaifunika. Kwa mara ya kwanza tangu mavuno alijisikia kuimba.

Wageni walifika na lori, na lori lilijaa. Walitazamiwa wachache, walishuka shangazi, wajomba na jirani za wajomba. Majirani wa hapo kijijini nao walikuja kutazama. Cornelia alikuwa miongoni mwao, amekaa mbali, binti yake mapajani.

Dominika alikuwa akiwasalimu wageni, shikamoo hapa na marahaba pale. Akaagiza sufuria iletwe. Akapiga magoti mbele ya Mzee Mwinjuma, akafunua kifuniko.

Sufuria ilikuwa imejaa mpaka mdomoni. Wekundu wa chai umepauka.

Aliinua macho. Mama mkwe wake, Bibi Silvana, alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko. Alikuwa akitabasamu, mwenye kuridhika na msaada wake. Mkononi ameshika kibuyu cha kutekea, kinadondosha maji.

 Upawa ulikuwa tayari mkononi mwa Dominika. Watu wote walikuwa wakimtazama. Akionja, watakunywa, na posa itapita. Labda hakuna atakayeugua. Labda. Asipoonja, watasema ni sumu, na safari hii hawatanong'ona. Alimtazama Adela, aliyeficha nusu ya uso kwa khanga. Kisha macho yake yakaangukia kwa binti wa Cornelia. Miguu ya mtoto yule bado ilikuwa myembamba.

Aliuweka upawa chini.

"Wageni wangu, sitaionja chai hii," alisema. "Wala nyinyi msiionje."

Minong'ono ikapanda. Zenon akasimama nusu, akakaa. Dominika aliendelea. Aliwaambia kwamba chai ilichemshwa vizuri, ila maji mabichi yameingia baadaye. Maji kama hayo ndiyo yaliyowaumiza watu mwaka jana, na aliyeyatia mwaka jana ni yeye mwenyewe. Hakujua. Sasa anajua.

Akaiinamisha sufuria. Chai yote ikamwagika uani mbele ya miguu ya mshenga, asali na machungwa na yote.

Bibi Silvana aliangusha kibuyu. "Ni mimi, baba zangu," alisema. "Niliona wageni wengi, nikaogopa tutaaibika. Nikaiongeza."

Mzee Mwinjuma aliyatazama majani ya chai yaliyobaki mchangani. 

"Nimepeleka posa nyingi," mzee alisema hatimaye. "Nimenyweshwa vingi, na vingine nilivijutia njiani. Hakuna aliyewahi kunimwagia ili nisiugue. Pika tena, mama. Sisi tuna haraka gani? Lori ni langu."

Watu wakacheka. Shangazi za Theodory walisema wao hawangoji nje, wanataka kuona inavyopikwa. Wakamfuata jikoni. Dominika alinawa mikono mbele yao. Alipoinama kuchochea moto, mtu mwingine alikuwa amekwisha kusogeza kuni. Alikuwa Cornelia.

"Ile togwa," Cornelia aliuliza bila kumtazama, "nayo uliitia maji hivyo hivyo?"

"Niliitia. Kwa mkono wangu huu. Nisamehe."

 Cornelia alipuliza moto mpaka ukawaka. Baadaye akasema maji bado, yangoje yatokote. Alikaa hapo, akayalinda kama mtu alindaye shamba dhidi ya ndege.

Bibi Silvana naye alipewa kazi. Alikaa kando ya karai, akimwagia gunia maji ya kijito, nje ya sufuria tu. Kila aliyepita alimtania: bibi, mkono usipotee njia. Naye akawajibu kwamba wao wangojee zamu yao ya kuzeeka.

Jua lilipokuwa limeinama, upepo wa uwandani ukavuma, na chai ikapoa. Haikuwa baridi kama ile ya kwanza, na matunda yalikuwa machache. Dominika alichota, akaonja mbele ya wote. Akammiminia Mzee Mwinjuma, akammiminia kila mgeni kikombe chake. Vikombe vilirudi vitupu, vikaoshwa kwa maji yaliyochemshwa, vikajazwa tena. Ndipo mshenga akakohoa, akasema kilichowaleta.

Posa ilikubaliwa. Siku zilipita, na habari zikaja na lori kutoka Msanzi kwamba wote wazima, ila shangazi mmoja analalamika kwamba alinyimwa kikombe kingine.

Hamisa aliporudi, alikuta wanawake wamekwisha kukubaliana mambo mawili: maji ya kunywa yachemshwe, na ng'ombe wanywe chini ya mahali pa kuteka. Mlangoni kwa Dominika mtungi ulikuwa na kifuniko, na upawa umetundikwa ukutani.

Siku moja ya palizi, Cornelia alipita na jembe lake, binti yake nyuma. Alisimama. Akashusha upawa, akammiminia mtoto, akangoja amalize, ndipo akanywa yeye. Waliokuwa nyuma yao njiani nao wakasimama.

Jioni Dominika alifunua mtungi, akachungulia ndani. Ulikuwa mtupu. Akaenda kuwasha moto.