Filimbi ya Kiranja wa Njia

Watoto wa kitongoji kile walirudi nyumbani kwa mstari, maana njia yao ilipita ukingoni mwa pori la Rungwa, na pori lina wenyewe. Utaratibu wao ulijulikana na wote: wadogo mbele, wakubwa nyuma, na kiranja wa njia mwisho kabisa, akila vumbi la wenzake. Peniel, kiranja wa mwaka uliopita, alikuwa akifika nyumbani mwekundu kama tofali. Aneth alimcheka sana.

Sasa kiranja alikuwa Aneth mwenyewe, binti wa darasa la sita, na filimbi ilining'inia shingoni mwake. Asubuhi ile mama yake Calist, mtoto wa darasa la kwanza, alimshika mkono.

"Mwanangu, mtoto niliyebaki naye ni huyu tu. Nakukabidhi."

"Usiwe na wasiwasi, mama. Kiranja ni mimi," alijibu Aneth, macho yake yakiwa kwenye filimbi.

Mchana, katika kipindi cha Kiswahili, Mwalimu Magdalena aliandika ubaoni neno "wadhifa", akataka maneno ya karibu nalo.

"Cheo!" walipaza sauti wengine. "Madaraka!"

"Jukumu," alisema Mathayo. "Na wajibu."

"Na dhamana," aliongeza mwalimu. "Haya ni maneno ya ukoo mmoja, lakini kila moja lina kazi yake. Cheo unaweza kukivaa ukatembea nacho. Dhamana ni kitu cha mtu mwingine ulichoshikishwa, na mwenyewe atakuja kukiulizia. Aneth, nitungie sentensi ya dhamana."

"Aneth ana cheo kikubwa," alisema Aneth, na darasa zima likacheka.

Mwalimu hakucheka. Kengele ya kwenda nyumbani ililia kabla hajamrudia.

Njiani Aneth alisimama mbele ya mstari.

"We, mahali pako ni nyuma," Mathayo alimwambia.

"Peniel alikuwa kama mchunga mbuzi. Mkubwa hutangulia! Au unaionea wivu filimbi?"

Akapuliza, wakaondoka, wakubwa mbele na wadogo nyuma. Jua lilikuwa limeinama na upepo ulivuma kutoka porini. Hawakufika mbali, wakakuta mti umevunjwa katikati, utomvu bado unachuruzika. Mbele kidogo palikuwa na kinyesi cha tembo, kibichi, kinafuka mvuke. Ndege wote walikuwa kimya. Badala ya kupunguza mwendo, Aneth akauongeza, akipuliza filimbi mfululizo ili kujipa moyo. Nyuma yake mstari ulikatika vipande vipande.

Walipofika korongoni Mathayo alitazama huku na huku.

"Calist yuko wapi?"

Filimbi ilimtoka Aneth mdomoni. Alisikia tena sauti ya mama yule: nakukabidhi.

"Mathayo, vuka nao," alisema. "Kaa nyuma yao wewe. Mwambieni Mzee Alute, yuko kwenye mizinga yake ya nyuki hapo ng'ambo. Mimi narudi."

Alirudi akinyata. Alipoukaribia mti uliovunjika, kichaka kilitikisika, na vivuli vikubwa vya kijivu vikatoka porini bila kishindo chochote. Tembo, na ndama wao. Walisimama njiani wakinusa hewa. Ng'ambo yao, chini ya kichuguu, alikuwa ameketi Calist, ndala iliyokatika ukanda mkononi, mdomo umekunjwa tayari kulia.

Aneth alitaka kupiga ukelele. Mkono mgumu ukamshika bega, ukamkalisha chini.

"Tulia," alinong'ona Mzee Alute, mrina asali, aliyekuja mbio. "Upepo unatoka kwao kuja kwetu. Hawajatunusa. Mwonyeshe mtoto anyamaze."

Aneth aliweka kidole mdomoni. Calist alimwona, akameza kilio chake. Tembo jike mmoja alitanua masikio, akakigeukia kichuguu, akasimama kwa muda ambao Aneth aliuona hauna mwisho. Kisha akamsukuma ndama wake kwa mkonga, na kundi likapotelea upande wa pili.

Calist alikimbia, akamng'ang'ania Aneth kiunoni.

"Dada Aneth, nilikuita. Nilikuita sana. Ulikuwa unapiga filimbi."

Aneth alilia palepale.

Kesho yake aliiweka filimbi mezani kwa mwalimu.

"Shikamoo mwalimu. Naomba umpe mwingine. Sistahili," alisema, akamweleza yaliyotokea njiani.

"Marahaba. Chukua filimbi yako," alisema Mwalimu Magdalena. "Kama ulichokuwa nacho kingekuwa cheo tu, ningekipokea leo hii. Lakini huu ni wajibu, Aneth, na wajibu haurudishwi kwa sababu umetuchoma. Unatengenezwa. Aliyepewa watu wa kuwalinda hukaa mahali anapoweza kumwona aliye dhaifu kuliko wote, hata kama hapo hakuna anayemwona yeye. Jana ulikosea mahali pa kukaa. Leo unapajua."

Jioni ile Calist alitembea wa kwanza kabisa, ndala yake imefungwa kamba ya katani, na mstari mzima ukafuata mwendo wake mdogo. Walipofika kitongojini, mama yake alikuwa amesimama njiani, akitazama.

Wa mwisho kutokea alikuwa Aneth, mwekundu kama tofali.