Bwawa Lisilo na Ushei

Jua lilikuwa linaaga wakati mpima ardhi alipopiga hesabu kwa mara ya tatu. Jibu likawa lilelile. Tatu kamili.

"Haiwezekani," alinong'ona.

Mviringo wowote, uwe wa sufuria au wa gurudumu, ukigawa mzunguko wake kwa upana unapata tatu na ushei. Bwawa lile lilikuwa duara safi, upana mita ishirini. Mzunguko ulipaswa kuzidi mita sitini na mbili. Utepe wa kupimia ulisema sitini tu. Mita tatu kasoro zilikuwa zimeliwa.

Waliopima kabla yake waliacha mahali pale peupe kwenye ramani. Yeye aliwaita wavivu.

"Zunguka tena," alimwambia mdogo wake, mshika utepe, ambaye licha ya urefu wake wote walimwita Nukta.

"Kaka, twende zetu. Kule nyuma ya matete pana mahali nikikanyaga... mguu haufiki chini. Nikishtuka, nimeshavuka."

"Acha woga. Kipimo cha kwanza ni uvumi, cha pili ndicho ushahidi. Mama kakukabidhi kwangu, nitakuacha upotee?"

Nukta akaguna, akashika ncha ya utepe, akaenda. Matete yakamficha.



Harufu ya tope bichi ikapanda. Vyura wakanyamaza wote kwa mpigo mmoja.

Utepe ukakazika. Ukalegea.

Nukta akatokea upande wa pili akitabasamu, akamkabidhi ncha. Mpima akasoma kwa tochi. Sitini na mbili na ushei! Akacheka kwa raha.

"Si nilikwambia?"

Ndipo sauti ikaja kutoka ng'ambo ya maji, nyembamba, yenye kilio.

"Kaka... unaongea na nani?"

Aliyesimama kando yake akamshika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi, vimelowa.

"Twende, kaka. Mama anasubiri."

Mpima alijinasua, akayapekua matete akiita mpaka koo likakauka. Hakuona mtu wala alama ya kiatu. Yule mwingine alimngoja kwa subira, utepe ameukunja vizuri, jambo ambalo Nukta hakuwahi kulifanya maishani.

Nyumbani mama alimkumbatia mwanawe mdogo, akashtuka alivyolowa, akakimbilia taulo. Mpima alibaki mlangoni, machozi yakimtoka. Angesemaje? Kwamba amempoteza mtoto wake kwa ajili ya mita tatu kasoro, na kwamba hizo mita ndizo anazozifuta maji sasa, si Nukta?