Nafasi ya Mwenza

— Kaa hapo, Mwalimu. Ningekupokea kwa heshima zote, lakini unaona mwenyewe nimefungwa kama mbuzi.

Alicheka peke yake. Mkononi mwake ilitoka mirija miwili iliyojaa damu, mmoja ukiingia kwenye mashine kando ya kiti chake, mwingine ukirudi. Nilikaa kwenye ncha ya kiti cha plastiki nikaukumbatia mkoba wangu. Wagonjwa wengine walikuwa wamesinzia, au wanatazama televisheni iliyozimwa sauti.

Asubuhi hiyo, nikiwapanga watoto wa chekechea mstari wa kunawa mikono, uliingia ujumbe kutoka namba nisiyoijua: "Mimi ni mke wa Fundi. Usiogope, sikutafuti kwa ugomvi. Niko hospitali, chumba cha kusafisha damu. Njoo nikuone kabla ya harusi."

Fundi alikuwa mchumba wangu. Anatengeneza pampu katika idara ya maji, na kila mtu anamwita hivyo, hata mama yangu. Aliniambia mapema kwamba aliwahi kuoa wakaachana, nami sikumchimba zaidi. Harusi yetu ilikuwa mwezi unaofuata. Gauni lilikuwa tayari kabatini.

— Alikwambia tuliachana?

— Ndiyo, dada.

— Tulitengana. Na mwenye makosa ni mimi, usimsingizie. Nilimkimbia nikaenda kwa mwanaume mwingine. Huyo naye alinikimbia siku miguu ilipovimba, daktari akasema figo zote mbili zimekufa.

Alisema hayo kama anayesimulia habari za jirani.

— Sikurudi kitandani kwake, Mwalimu. Nilirudi kwenye kadi yake ya bima tu.

Akanieleza taratibu, kama ninavyowaeleza watoto wangu. Bima ya kazini kwa Fundi inamtibu yeye, watoto na mwenza mmoja. Mwenza huyo alikuwa huyu dada. Kila wiki anawekwa kwenye mashine mara tatu, na mfukoni mwake hawezi kulipia hata wiki moja. Siku talaka ikifika ofisini kwa Fundi, jina lake linafutwa. Na ndoa yao ni ya mke mmoja; bila talaka, mimi siwezi kufungishwa ndoa.

— Juzi alikuja akakaa hapo hapo ulipokaa, akalia. Maneno yalimshinda, nikamsaidia. Nikamwambia, sema tu unataka kunitoa.

— Akasema nini?

— Akaniomba radhi.

Muuguzi alipita, akasoma mashine, akaenda zake. Mimi nilikuwa natazama ile damu ikizunguka.

— Unataka nifanye nini, dada?

— Nisubirini kidogo. Daktari hakunitajia miaka. Sitawachelewesha sana.

*

Fundi alikuja kwangu jioni, bado amevaa ovaroli la kazini. Aliponiona usoni akajua.

— Amekupigia?

— Nimemwona. Ulikuwa unioe halafu nisijue kamwe kwamba siku ya harusi yangu kuna mtu amechomolewa kwenye mashine?

Alikaa sakafuni, mgongo ukutani. Aliniambia alishazunguka kote. Kuna bima ya mtu kujilipia mwenyewe. Ile anayoimudu haigusi figo, na ile inayogusa figo haimpokei aliyekwisha ugua. Afisa wa utumishi alimsikiliza vizuri, akamwonea huruma, kisha akamjibu kwamba nafasi ya mwenza ni moja.

— Niliogopa ungeondoka, akasema.

— Kwa hiyo ukaona bora aondoke yeye.

Alilia, na mimi simwezi mtu anayelia. Nikashuka nikakaa naye hapo chini. Nilimpenda, siwezi kusema vinginevyo. Nikamwambia tusogeze harusi mbele, tusubiri.

Mama yangu hakuelewa hata kidogo. Aliniuliza nasubiri nini, mwanaume atoe talaka au mke wa watu afe? Nilipomjibu kwamba nasubiri mambo yakae sawa, aliniambia ana mtoto mmoja tu wa kike na huyo mmoja ameamua kupanga foleni. Fundi naye alinong'ona siku moja kwamba tungeweza kuishi pamoja tu, ndoa ije baadaye. Nilikataa. Sikutaka kuingia kwake kwa mlango wa nyuma.

Nikaanza kwenda kumwona yule dada, nikitoka shule. Mwanzo nilienda kwa aibu, baadaye nilienda kwa kumzoea. Nilimchania nywele alipokuwa amefungwa. Alinitania kwamba mwanaume wetu anakoroma kama pampu zake na nijiandae. Aliniuliza gauni langu lina mikono mirefu au mifupi. Nilipoona haya kujibu, alinifinya.

— Jibu bwana. Nikiwa sipo nitalionaje?

*

Siku Fundi aliponipigia, nilikuwa nimebaki peke yangu darasani napanga viti.

— Amezidiwa. Yuko chumba cha wagonjwa mahututi. Hawatuambii kitu cha maana.

— Pole. Nakuja.

Sikwenda. Nilirudi nyumbani nikabadilishe viatu, na nilipofungua kabati mkono wangu ukapita viatu ukashika gauni. Nikalivaa. Nikasimama mbele ya kioo nikageuka huku na huku, nikalivuta kiunoni nione kama linakaa vizuri. Nilikuwa hata nimeanza kuwaza ni watu gani tuwaite.

Simu ikaita. Fundi alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja.

— Ameamka! Ameomba chai, tena anagomba haina sukari.

— Mungu ashukuriwe, nikasema.

Nikaketi kitandani na gauni mwilini. Moyo wangu ulishuka kama wa mtoto aliyenyimwa kitu alichoahidiwa. Nikausikia unavyoshuka, na hakukuwa na namna ya kujidanganya kwamba ni kitu kingine. Niliyemchania nywele juzi ameamka, na mimi nimesikitika.

*

Kesho yake nilimfuata Fundi kwenye nyumba ya pampu. Palikuwa na kelele, akanitoa nje kwenye uzio. Nikavua pete nikamwekea kiganjani.

— Mwalimu, hii ni nini?

— Jana uliponiambia ameamka, niliumia.

— Ulishtuka tu.

— Hapana. Nilikuwa nimeshavaa gauni.

Nilitamani anitukane, lakini uso wake ulinionea huruma tu, ikawa mbaya zaidi.

— Basi namwacha, akasema. — Leo hii naenda mahakamani. Aliniacha yeye kwanza, hakuna atakayenilaumu. Tusisubiri tena.

— Ukimwacha, anayemtoa ni mimi. Na nikisubiri, kila simu yako ikiita nitakuwa natumaini. Unataka kuoa mwanamke wa namna gani kati ya hao wawili?

— Nataka nikuoe wewe.

— Huyo unayemtaka ndiye anayekufa hapa, Fundi. Nisipoondoka sasa, utabaki na mwingine mwenye sura yangu.

Aliikunja pete ngumini. Mabega yake yalitikisika, na kwa mara ya kwanza sikukaa chini naye.

— Kwa hiyo hunipendi tena?

— Ningekuwa sikupendi, jana nisingevaa gauni.

Simu yake ikaita. Ilikuwa hospitali: wanamrudisha yule dada kwenye mashine mchana huo, wanahitaji mwenye kadi aje kuthibitisha. Fundi aliisikiliza mpaka mwisho, akanitazama kama mtu anayeomba ruhusa.

— Nenda, nikamwambia. — Usimcheleweshe.

Akaenda, kwanza akitembea, kisha akikimbia, ovaroli limelowa mgongoni. Nilishika waya za uzio nikamtazama hadi alipokata kona. Kisha nikamwombea dada yule maisha marefu, na safari hii hakuna sehemu ya moyo wangu iliyokosa kuitikia.