Aliyelikwaruza Gari la Ihabu

Mzee Dardiri alikutwa chini ya ngazi za jengo alilokuwa akiishi, mtaa wa Arbaini mjini Suezi, asubuhi ambayo upepo wa khamasini ulikuwa umemwaga vumbi la jangwani hadi jua likaonekana kama sahani ya shaba. Alilala chali. Kanzu ilijaa vumbi, shali imemfunguka usoni, damu imeganda kisogoni. Mguu mmoja ulikuwa na ndara. Wa pili ulikuwa mtupu.

Wote walidhani amekufa. Hajati Zakia wa ghorofa ya kwanza, aliyemkuta, alikuwa ameshaangua kilio cha msiba. Mkaguzi Bishara wa polisi akachutama, akamwekea mzee vidole viwili shingoni.

"Nyamaza, Hajati! Anapumua huyu."

Hospitalini daktari hakuhitaji muda mrefu.

"Alianguka?" aliuliza Bishara.

"Alianguka, lakini alipigwa kwanza. Mtulinga umevunjwa na pigo lililotoka juu. Ona alama hii. Nyembamba, imenyooka. Hiki ni chuma, Mkaguzi. Ngazi haichori hivi."

Kwenye ukumbi wa hospitali alisimama mtoto wa mzee, Ihabu, mtumishi wa ofisi ya uwakala wa meli. Shati limepigwa pasi, uso umekauka.

"Baba yako ana ugomvi na nani?"

"Baba? Hana ugomvi na mtu. Ameendesha basi la mji huu mpaka akastaafu. Mtaa mzima unamwita ami."

"Na wewe? Una ugomvi na nani?"

Ihabu alitazama viatu vyake.

"Kuna bawabu wetu, Idrisi," alisema hatimaye. "Muulizeni huyo."

Habari za bawabu alizitoa Hajati Zakia, tena bila kuombwa.

"Ihabu ana gari jeusi, mheshimiwa pasha, analipenda kuliko macho yake. Basi likawa linaota mikwaruzo. Analipeleka kwa fundi, linarudi linang'aa kama kioo. Wiki mbili tatu, mikwaruzo ileile! Juzi akamshika Idrisi kanzu hapo mlangoni, watu wote wanaona. Akamwambia, 'Wewe ndiye unalikwaruza kwa husuda zako! Nikikukuta karibu na gari langu nitakuvunja mkono!' Akampiga kofi. Mtu mzima yule, mwenye wajukuu!"

"Idrisi alijibu nini?"

"Hakujibu. Aliokota kofia yake akaingia chumbani kwake. Kimya chake ndicho kilichonitisha mimi."

Kimya hicho kilimtosha Sajini Atwa, msaidizi wa mkaguzi. Kilimtosha na Bishara. Mtu aliyepigwa kofi na mtoto amelipiza kwa baba. Kesi ngapi zimeisha hivyo? Idrisi aliletwa kituoni, mtu mrefu mweusi kutoka Aswani, mikono yake bado inanuka maharage.

"Alfajiri ulikuwa wapi?"

"Kwenye foleni ya mkate na maharage ya wapangaji, pasha."

"Nani alikuona?"

"Kwa vumbi lile? Nani alimwona nani?"

"Ulikuwa na kinyongo na Ihabu."

"Nilikuwa nacho. Bado ninacho. Lakini Ami Dardiri ni rafiki yangu. Kila jioni tunacheza naye dhumna. Nimpige kwa lipi?"

"Usituimbie," alifoka Atwa, akamsukuma kitini.

Bishara aliona, hakumzuia. Akaamuru mtuhumiwa afungiwe mahabusu, mkanda wake uchukuliwe, na ndara zake.

Alipoziona ndara zile zikiwekwa juu ya meza, akakumbuka mguu mtupu wa mzee. Ndara ya pili ilikuwa wapi?

Alirudi Arbaini. Ngazini haikuwapo. Aliipata nje, kando ya barabara, imezama nusu kwenye vumbi. Mbele yake palikuwa na nafasi ya gari moja, lami imebaki nyeusi, wakati pande zote mchanga umetanda. Kwenye ukingo wa njia palikuwa na doa la damu, kubwa kama kiganja.

Mzee hakupigwa ngazini. Alipigwa hapa, kisha mtu akambeba.

"Hajati," aliita kuelekea dirishani, "hapa pameegeshwa gari la nani?"

"La nani zaidi ya Ihabu? Hakuna anayethubutu kupagusa hapo!"

"Na ulipopiga kelele, Ihabu alikuwa wapi?"

"Hakuwapo. Tulimpigia simu, akaja na teksi."

"Mwenye gari anakuja na teksi?"

"Basi litakuwa kwa fundi wake," alisema Hajati Zakia.

Gari lilikuwa kwenye karakana ya Nagi, fundi wa kupiga polishi, nyuma ya kituo cha mafuta. Lilisimama chini ya taa nyeupe, limeoshwa, upande mmoja wa boneti ukimeta kama maji kisimani. Upande wa pili haujaguswa na mashine. Huko Bishara aliona mikwaruzo yenyewe: myembamba kama nywele, imezungukana duara kwa duara, kama utando wa buibui.

"Hii imefanywa na msumari?" aliuliza.

Nagi alicheka. "Msumari ungeacha mstari, pasha. Hii ni vumbi na kitambaa kikavu. Mtu anapangusa gari lenye mchanga bila maji, mchanga unalila rangi. Gari jeupe lingeficha. Jeusi halifichi kitu."

"Ihabu anajua hivyo?"

"Nilimwambia tangu mara ya pili! Nikamwambia, 'Bwana Ihabu, huna adui. Kuna mtu nyumbani kwako anakupangusia gari.' Akaniambia naficha kazi yangu mbovu."

"Leo alilileta saa ngapi?"

"Sijanywa hata chai. Anasema, 'Lioshe lote, sasa hivi.' Nusu ya boneti ilikuwa imepanguswa, nusu ina vumbi. Na hiki kilikuwa kimenasa kwenye waipa."

Kilikuwa kipande cha shati la kijivu, kimeshonwa pindo vizuri kisichanike. Mfuko wake wa kifuani ulikuwa bado na nembo ya shirika la mabasi ya mji.

Bishara alifungua mlango wa dereva. Chini ya kiti alikuta chuma cha kufungia usukani. Akakitia kwenye mfuko wa vielelezo bila kukigusa kwa mkono. Tangu asubuhi alikuwa na mtu mahabusu kwa sababu mtu huyo alipigwa kofi.

Ihabu alikuwa bado ukumbini, nje ya chumba cha baba yake. Bishara aliketi karibu naye, akaweka kile kitambaa juu ya goti.

"Unakijua?"

Ihabu alikitazama.

"Shati la kazi la baba."

"Endelea."

"Sikujua ni yeye! Naapa, sikujua!" Alijifunika uso. "Shemeji zangu walikuja, mmoja akapitisha kidole kwenye gari akaniuliza, 'Unalioshea ufagio?' Wakacheka, na mke wangu akacheka. Nikajisemea, lazima nimkamate. Leo nikashuka mapema nikajificha ndani ya gari la jirani... vumbi huoni hatua tatu. Nikaona mtu amevaa kanzu, shali usoni, ameinamia boneti. Nikatoka na kile chuma cha usukani. Nikampiga. Akaangukia ukingo. Shali ikafunguka."

"Alisema neno?"

"Alisema, 'Mwanangu, ni mimi.' Basi."

"Kwa nini hukuita gari la wagonjwa?"

"Nilidhani amekufa. Nikawaza watu wataniambia nini. Nikambeba hadi ngazini. Kwenye bampa kulikuwa na damu, nikalipeleka gari likaoshwe."

"Baba yako anavuja damu ngazini, wewe unapeleka gari kuoshwa."

Ihabu aliinamia magoti yake.

"Ulidhani ni nani, ulipompiga?"

"Idrisi."

"Na angekuwa Idrisi, leo ungelia hivi?"

Muuguzi alipita akisukuma toroli la dawa. Ihabu alimfuata kwa macho mpaka akatoweka, kana kwamba jibu lilikuwa kwa yule muuguzi.

"Nisingelia," alinong'ona. "Na mlipomchukua, nilishusha pumzi."

Bishara alimfunga pingu, akamwacha chini ya ulinzi wa Atwa, akaenda kituoni mwenyewe. Alifungua mahabusu kwa mkono wake. Idrisi alikuwa ameketi sakafuni, miguu mitupu.

"Tumemjua aliyefanya. Ni Ihabu," alisema Bishara. "Nisamehe, ami. Nilikudhulumu."

Idrisi alivaa ndara zake taratibu, akafunga mkanda.

"Ami Dardiri yu hai?"

"Yu hai."

"Basi nipelekeni kwake. Mengine yako, pasha, malizana nayo mwenyewe."

Mzee alifumbua macho siku hiyo hiyo, magharibi ikiadhiniwa. Walikuwapo Bishara, Idrisi upande wa kichwani, na Ihabu mlangoni, mikono ameificha nyuma ili pingu zisionekane.

"Niliteleza ngazini," alisema mzee kabla hajaulizwa. "Andika hivyo, mwanangu afisa. Uzee huu."

"Mwanao ameshasema yote, mzee."

Mzee alitafuta uso wa Ihabu, akauona, akaona na mabega yaliyovutwa nyuma. Chozi lilimtoka likaingia sikioni.

"Mimi sipati usingizi baada ya alfajiri," alisema. "Nakula mkate wake, nalala kwake, sina kazi. Basi langu nililipangusa kila siku mpaka nikalirudisha. Nikasema na mimi nimfanyie kitu. Sikumwambia, angenikataza, angesema nipumzike." Alimeza mate. "Mkaguzi, yeye alikuwa anamtafuta mtu anayekwaruza gari. Mlimpata?"

Idrisi aliinamisha kichwa. Bishara alijua jibu, na alijua pia kwamba mzee alikuwa ameanza kulijua. Mzee alikuwa ameuficha chini ya shuka mkono wake usioumia, ule wa kupangusia.

"Ni vumbi, baba," alisema Ihabu mlangoni. "Hapakuwa na mtu. Vumbi tu."

Mzee aligeuza uso ukutani. Idrisi akamvutia shuka mabegani, na Mkaguzi Bishara akamshika Ihabu kiwiko, akamtoa.