Miguu Ilipotulia

"Cherehani! Cherehani, upo?"

Alishtuka. Mkono wa mumewe ulikuwa begani, unamtikisa kwa nguvu.

"Nipo. Kuna nini? Wezi?"

"Hapana. Nilitaka kujua tu kama upo."

"Sasa nitakuwa wapi, na miguu ndiyo kwanza imelala?"

Huyo ni Fundi Saa, na hiyo ilikuwa mara ya nne kumwamsha mkewe usiku huohuo. Mwanamke alimpa mgongo, kanuna kwelikweli. Alikuwa na kiu ya usingizi ya miaka, sasa anaupata usiku wa nne mfululizo, mtu anamkatisha kwa maswali ya kitoto.

Jina la Cherehani hakuzaliwa nalo. Kazi yake ni kushona nguo, lakini hata kazi haikumpa jina. Lilitokana na miguu. Akijilaza tu, kitu kama wadudu kinaanza kumtambaa ndani ya nyama, chini ya magoti, na hakimwachi mpaka aikunje, aikunjue, airushe huku na huku, au ashuke kitandani azunguke sebuleni peke yake hadi kunakucha. "Wewe hata kitandani unashona," mumewe alimtania mwezi wa kwanza wa ndoa, mateke yote yakiishia kwake. Hakulalamika hata siku moja. Cherehani alijiona kapata mume.

Daktari ndiye aliyemshauri avae saa ya mkononi, ile inayopima usingizi na kupeleka majibu kwenye simu. Mwezi mzima simu ilimwonyesha masaa mawili, mara moja na nusu, tena vipande vipande. Akaandikiwa kidonge kidogo cheupe, kimoja kila anapokwenda kulala. Usiku wa kwanza tu, miguu ikatulia. Asubuhi alilia kwa furaha.

"Mume wangu, ona! Masaa saba! Mimi!"

"Nimeona." Macho ya Fundi Saa yalikuwa mekundu. "Hukujigeuza hata mara moja."

"Si ndiyo raha yenyewe?"

"Ndiyo." Akaondoka, chai kaiacha nusu.

Siku ya tano mume akageuka mtu wa mahaba.

"Kuanzia leo dawa nakupa mimi, kwa mkono wangu. Wewe kazi yako kufungua mdomo."

"Makubwa! Umeota nini?"

"Mke akipendwa anauliza maswali?"

Cherehani alicheka, akafungua mdomo kama kinda.

Baada ya siku mbili wadudu wakarudi. Alitembea sebuleni mpaka nyayo zikawaka moto.

"Mwili umeizoea dawa," alimwambia mumewe.

"Pole, mke wangu. Tuipe dawa muda."

Akamkumbatia, akalala fofofo. Tangu dawa ianze, Cherehani hakuwa amemsikia akikoroma. Sasa alikoroma.

Wiki tatu zilipita. Siku moja alisinzia juu ya gauni la bibi harusi, mguu ungali kwenye pedali, na sindano ikapita katikati ya ukucha wa kidole cha shahada. Damu ikatapakaa kwenye kitambaa cheupe. Mteja alikuja, akatazama, akabeba kitambaa chake akaondoka. Cherehani alikuwa bado amefunga kidole kwa kipande cha pamba simu ilipolia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Nikuulize, mumeo ameanza lini kisukari?"

"Kisukari? Hana, Mama."

"Basi mbona kila akipita kwangu asubuhi, vile vidonge vyangu vya kutia utamu kwenye chai vinapungua? Nimedhani panya!"

"Labda ameacha sukari."

"Ameacha wapi! Vijiko vitatu anaweka, namwona kwa macho yangu."

Cherehani alicheka, akaaga. Alipokata simu kicheko kikamkauka mdomoni.

Usiku alifungua mdomo kama kawaida, akanywa maji, akageukia ukuta. Kidonge alikuwa amekibana chini ya ulimi. Kiliyeyuka polepole. Kilikuwa kitamu kama peremende.

Hakupiga kelele. Alilala macho wazi, miguu inarusha shuka, na nyuma yake mumewe anakoroma kwa amani. Kila teke likimpata, mkoromo unazidi kunoga. Cherehani aliogopa. Hakuwahi kumwogopa mtu huyu kabla ya hapo.

Asubuhi alimfuata kazini. Kibanda cha Fundi Saa kina saa za ukutani pande zote, kila moja inagonga kivyake. Cherehani aliweka simu juu ya kaunta ya kioo.

"Nisomee."

"Nini hii?"

"Si wewe fundi wa saa? Hii nayo ni saa. Tarehe tatu nililala kiasi gani?"

"Masaa saba."

"Tarehe sita?"

"Saba na nusu."

"Tarehe tisa, ulipokwishaanza kunilisha wewe?"

Fundi Saa alivua miwani. "Cherehani..."

"Soma!"

"Masaa mawili."

"Jana nimekiacha kidonge kiyeyuke mdomoni. Wiki tatu unanilisha utamu wa chai ya mama yako! Kidole changu hiki, tazama! Kuna mwanamke, sivyo? Mnasubiri nichanganyikiwe, unirudishe kwetu?"

Fundi Saa alianza kuifuta miwani kwa shati.

"Nakuuliza, kuna mwanamke?"

"Yupo."

"Yuko wapi?"

"Amekufa."

Cherehani alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Alijua mumewe alifiwa kabla ya kumwoa yeye. Aliambiwa ni ugonjwa wa ghafla. Kila alipotaka kuuliza zaidi, mume alikuwa na saa ya mtu ya kuwahi kutengeneza.

"Niambie leo," alisema. "Usiponiambia leo, sirudi nyumbani."

"Niliamka alfajiri. Yeye kalala, katulia. Nikasema leo mwenzangu kapata usingizi, nisimsumbue. Nikavaa gizani, viatu nikabeba mkononi. Nikamvutia shuka mpaka kidevuni, maana kulikuwa na baridi."

"Halafu?"

"Nikaja kazini. Saa sita mama akanipigia, anamtafuta, simu haipokelewi. Nikamwambia, mwache mke wangu apumzike. Saa nane nikamwandikia ujumbe. Nimeandika, 'Mvivu wangu, bado tu umelala?' Nikacheka mwenyewe hapa, nilipokaa sasa hivi."

Akaivaa tena miwani.

"Jioni nimerudi, naingia kwa kunyata. Kwa kunyata, Cherehani! Daktari akasema alikata roho usiku, kabla hata sijaamka. Mimi saa ikinyamaza, hata iwe nyuma ya zote hizi, nasikia. Miaka ishirini sijakosea. Yeye alinyamaza ubavuni kwangu, nikamfunika."

Cherehani alikuwa analia. Hakutaka kulia, machozi yakaja tu.

"Ulipokuja wewe na mateke yako, ndipo nikaanza kulala," mumewe aliendelea. "Kila teke nasema, yupo. Ulipomeza kile kidonge ukatulia... niliketi mpaka asubuhi nimekuwekea kioo puani. Usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikashindwa."

"Kwa hiyo mimi nikeshe ili wewe ulale."

Fundi Saa alianza kupanga bisibisi zake juu ya kaunta.

"Dawa yangu iko wapi?"

Alivuta droo, akatoa kopo la betri za saa. Vidonge vyote vilikuwemo, hata kimoja hakukitupa. Cherehani alilifunga kopo, akalitia kwenye mkoba.

"Nakuhurumia mpaka kifua kinauma. Lakini umenitenda ubaya, na usije ukauita mapenzi mbele yangu."

Akaenda kwa dada yake.

Ujumbe wa kwanza uliingia asubuhi ya pili: "Upo?" Hakuujibu. Wa pili ulikuwa huohuo. Siku ya tatu moyo ukalegea, akaandika: "Nipo. Masaa saba na robo." Mumewe akajibu: "Mimi sijalala hata moja. Sikulaumu." Siku ya tano Cherehani akaandika ujumbe mrefu, akaufuta, akaandika mfupi:

"Narudi. Dawa nitashika mwenyewe. Ukiogopa niamshe, sitanuna. Na huyo dada aliyenitangulia kwako utanitajia jina lake. Nataka kumjua mtu ninayelala naye kitanda kimoja."

Usiku aliorudi, alitajiwa jina. Alitajiwa na mengine: kwamba marehemu alipenda kuimba akifua, kwamba hakuweza kukunja shuka sawasawa. Fundi Saa alimwamsha mara sita. Wiki ya pili mara tatu. Mwisho wa mwezi, mara moja, tena kwa kumgusa tu. Akiitikiwa "mmh", analala.

Lakini hakuondoka kamwe kwenda kazini kabla mkewe hajafumbua macho. Mpaka Jumatatu moja.

Cherehani alizinduka kwa mlio wa mkanda wa suruali, akabaki kafumba macho. Alimsikia mumewe akivaa. Akasikia nyayo zikija mpaka kitandani, zikasimama. Muda ukapita. Angetikisa kidole kimoja tu cha mguu, mtu wa watu angepumua. Hakutikisa. Alitaka mumewe aweze, hata kwa siku moja, kumwacha mke amelala na kwenda zake kama waume wengine. Shuka likavutwa taratibu mpaka kidevuni. Tone la joto likamdondokea shavuni, na bado hakutikisika. Mlango ukafungwa polepole. Hatua zikashuka ngazi, zikasita, zikaendelea, zikapotea barabarani.

Ameweza! Cherehani alitaka kucheka, kicheko hakikuja. Chumba kilikuwa kimya, naye amelala chali, amefunikwa vizuri. Ndivyo mwenzake alivyoachwa asubuhi ile, kitandani humuhumu.

Akasikiliza. Miguu ilikuwa imetulia tuli, haimwambii kama yupo.

Akarusha teke moja, kwa makusudi, shuka likaanguka chini. Akarusha na la pili.