Majoho Yasiyo na Mikono

Kila akitoka shule, binti alivua viatu mlangoni, akanywa maji, kisha akaenda barazani kuokota pini. Mama alikata vitambaa, na mama mdogo alishona kwa cherehani yake. Wale ndugu wawili walifanya kazi pamoja huku wakitaniana kutwa nzima.

Wiki hiyo walikuwa na majoho ya kwaya ya watoto, ya kuvaliwa Jumapili. Kazi kubwa kama hiyo hawakuwahi kuipata, na wakiiharibu nani angewaletea nyingine? Siku kitambaa kilipofika, mama mdogo mwenyewe ndiye aliyeongoza sala. Alisema Mungu aliyeianza kazi hii ataimaliza. Binti aliitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote, maana yeye ndiye angeimba peke yake ubeti wa kwanza.

Alhamisi alirudi akakuta cherehani haipo. Majoho yalining'inia ukutani bila mikono. Mama alimweleza kwa kifupi kwamba mama mdogo amepata nafasi kwa fundi wa pale kona, anayetaka watu wenye cherehani zao. Hakuaga. Alituma mtu wa mkokoteni aibebe wakati mama ameenda kununua uzi.

Binti aliumia sana. Jana yake tu mama mdogo alikuwa akimpima mabega na kumcheka kwamba ana mabega ya kuku. Kumbe alikuwa akicheka naye huku ameshafunga virago.

Mama hakukaa kulia. Alichukua sindano akaanza kuishikiza mikono kwenye majoho kwa bandi, ile mishono mirefu ya kushikilia nguo hadi ipitishwe kwenye mashine.

"Mama, unapiga bandi za nini, na cherehani hatuna?"

"Ikipatikana ikute kazi iko tayari."

"Itatoka wapi?"

"Sijui, mwanangu. Hiyo nimemwachia Mungu. Sehemu yangu ni hii."

Jibu hilo lilimkasirisha binti. Kama Mungu ndiye aliyeanza, mbona amewaacha njiani, tena kwa mkono wa mtu wao wenyewe? Alilichukua joho lake, akafumua bandi zote na kulitupa kapuni. Mama alimtazama, akavuta joho jingine. Ijumaa kwenye mazoezi, binti alifika katikati ya ubeti wake, akaacha kuimba.

Jumamosi mchana jirani yao, fundi wa viti vya magari ambaye watoto walimwita Sponji kwa ajili ya tumbo lake, alikuja kuazima mkasi. Aliyaona majoho, akauliza kulikoni. Mama alipomweleza, Sponji alikuna kichwa. Alisema karakana yake haina kazi hadi magharibi, mashine ipo, na sindano nyembamba anazo.

"Ila muda ni mdogo, mama. Utaweza kuyashona yote?"

Mama alimwonyesha bandi. "Yamebaki kupitishwa tu."

Mashine ya Sponji ilizoea ngozi nzito, ikayapitia majoho kwa haraka. Jua lilipozama, joho moja tu lilikuwa limebaki, na Sponji alikuwa akifunga milango. Lilikuwa la binti. Alilishika kifuani, akaona haya hata kuinua macho.

Nyumbani mama alimpa sindano, wakakaa kushona kwa mkono, kila mmoja na mkono wake wa joho.

"Mama mdogo alitusaliti," binti alisema.

"Alitusaliti, na mimi imeniuma kukushinda wewe. Ni mdogo wangu. Lakini kosa lake usimtwike Mungu. Aliyeondoka ni mtu. Mungu hakuiacha kazi yake hata siku moja. Alikuwa akiimalizia kwa sindano hii hii, na wewe unafumua. Kumtumaini si kukunja mikono, mwanangu. Ni kuendelea na sehemu yako hata kama hujaona yake."

Jumapili watoto walisimama mbele wakiwa na majoho mapya. Kwenye benchi la nyuma binti alimwona mama mdogo, ameinamisha uso. Bado iliuma. Alivuta pumzi, akainua mikono ya joho lake yenye mishono ya kupindapinda, akauanza ubeti wake. Safari hii aliuimba mpaka mwisho.